Siku 11 bila herufi tatu

Jana usiku binti yangu alinikuta mezani nasikiliza somo la kodi za ubia kwenye kompyuta, saa nne na nusu, chai imeshapoa. Akasimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mama, kwani ulifeli?"

Nikamwambia sikufeli, ni masomo yangu ya mwaka, leseni inaisha mwezi huu. Akauliza kama ni kila mwaka nikitimiza umri. Ndiyo, kila mwaka. Hapa Texas leseni ya CPA, yaani mhasibu aliyesajiliwa, inakufa siku ya mwisho ya mwezi uliozaliwa, na mimi ni wa Machi. Akaenda kulala. Mimi nikasimamisha somo, nikabaki nimekaa na Aprili ya 2018.

Habari ya kuipata leseni nitaipitia haraka. Shahada yangu ya Mlimani, ya miaka 3, ilipopimwa huku haikutosha, maana walitaka saa 150 za masomo ya chuo (credit hours), kwa hiyo nilirudi darasani na mimba ya huyu huyu anayeniuliza kama nilifeli. Mtihani ulikuwa na sehemu 4, na alama ya kufaulu ni 75. Sehemu ya kodi nilipata 74. Siku ile sikula. Enzi hizo ukishafaulu sehemu ya kwanza ulipewa miezi 18 kumaliza zilizobaki, la sivyo ile ya kwanza inafutika. Mimi nilimaliza mwezi wa 17. Kisha mwaka wa kazi chini ya CPA mwenye leseni, mtihani wa kanuni za maadili, kiapo cha moyoni, basi. Baba alinipigia kutoka Tanga akataka nimsomee namba ya leseni taratibu, tarakimu moja moja, ili aiandike.

Baba alikuwa karani wa hesabu kwenye shamba la mkonge. Utotoni nilikuwa nakaa chini ya meza yake namtazama akijaza daftari kubwa lenye jalada la kijani. Akikosea hakufuta. Alichukua rula, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya tarakimu mbovu, akaandika iliyo sahihi juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni. Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie kifutio, mbona ninacho. Akanigeuzia daftari nione: "Hebu isome ile ya zamani. Unaiona? Basi na bwana shamba aione."

Februari 2018 akatutoka. Nilisafiri, nikazika, nikakaa na Mama siku chache za mwanzo wa eda, nikarudi Houston katikati ya Machi nikakuta msimu wa kodi umewaka. Barua pepe za bodi ya wahasibu ya Texas za kunikumbusha kuhuisha leseni zilikuwepo. Nilizipita kama nilivyopita nyingi. Machi 31 ikaja ikaondoka.

Aprili 11, Jumatano, saa nne asubuhi, ikapigwa simu. Alikuwa mteja wangu, kaka mmoja wa Mombasa mwenye lori moja, anayetafuta mkopo wa lori la pili. Siku 5 kabla nilikuwa nimemwandikia barua ya benki, kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyemtayarishia ritani zake, yaani fomu za kodi, za miaka 2. Niliisaini kama ninavyosaini kila kitu: jina langu, mkato, CPA.

"Dadangu," akasema, kwa sauti ya chini kama anayeficha aibu ya mtu mwingine, "hawa wa benki wamekuangalia kwenye tovuti ya bodi. Wanasema wewe si CPA."

Nikacheka kidogo, maana nilidhani wamekosea tahajia ya jina. Huku nimeshika simu kwa bega nikafungua tovuti, nikaandika jina langu mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafuta, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya. Namba ilikuwa ile ile aliyoiandika Baba. Chini yake, mahali pa hali ya leseni, neno moja: imeisha. Nilisikia lori likinguruma nyuma ya sauti yake, na honi. Kiyoyozi cha ofisini kilikuwa kinanipuliza shingoni, nikakizima, nikakiwasha tena. Yeye alikuwa bado kimya, ananisubiri niseme ni kosa lao.

"Wamesema kweli," nikamwambia. "Imeisha tangu tarehe 31. Ni mimi."

Akanyamaza. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, wala sikumwona mtu mbaya: "Basi dadangu, badilisha tarehe tu. Andika 30 Machi. Siku hiyo si ulikuwa nayo?"

Kweli nilikuwa nayo. Ritani zilikuwa halali, hesabu zilikuwa safi, hakuna senti iliyodanganywa. Barua ilikuwa wazi kwenye kioo. Nilisogeza mshale hadi kwenye tarehe, nikaona kile kijistari kikiwaka na kuzima mbele ya namba 6. Kwa kompyuta tarakimu haibaki na kovu. Unaifuta, inakwenda, na anayekuja baada yako haoni kitu.

Nikamwambia siwezi. Akasema, "Sawa," akakata simu.

Siku hiyo nilitoa vyeti vyote vya masomo nikavitandaza zuliani. Bodi inataka saa 120 kwa miaka 3, na zisipungue 20 kila mwaka. Mimi nilikuwa na 13. Usiku mbili nilikaa nikasikiliza zile 7 zilizobaki, ritani za watu zikinisubiri, na mwisho wa kodi mwaka ule ulikuwa Aprili 17. Nililipa ada na faini. Nilitoa zile herufi tatu kwenye saini ya barua pepe, kisha nikawaandikia watu 9 niliowasainia kuanzia Aprili mosi, nikiwaeleza mmoja mmoja. Nilimwomba mhasibu mwenzangu amwandikie yule kaka barua mpya. Akakataa, kwamba hesabu hizo hakuzitayarisha yeye. Alikuwa na haki.

Leseni ilirudi. Lori lilikuwa limeshauzwa kwa mtu mwingine.

Wengi wameniambia nilifanya vyema. Mimi naona nilichokataa asubuhi ile, lakini naona pia kwamba aliyelipia uzembe wangu ni yeye, na hakuwa amefiwa, hakuwa amesahau chochote. Akahamia kwa mhasibu mwingine. Tunakutana Iddi na harusini, tunaulizana hali. Mwaka jana, nje ya msikiti, alinishika mkono akauliza, "Dadangu, leseni umeshalipia?" Nilimtazama usoni nijue ameuliza kwa moyo gani. Sikujua.

Nikamjibu, "Nimelipia, kaka. Tangu tarehe mbili."