Dainamomita ya nyumbani: kilo 2.7 zilizopotea

Wiki ya kwanza. Injini ni ya Volkswagen inayopozwa kwa hewa, cc 1835, nimeigeuza iwe ya ndege. Kabla sijaifunga kwenye ndege nataka kujua inatoa nguvu kiasi gani hasa, si kiasi nilichoambiwa na muuzaji wa vipuri. Kwa hiyo najenga dainamomita, yaani kifaa cha kupima nguvu ya injini.

Injini lazima ipewe mzigo wa kuzungusha ndipo ipimwe. Nilifikiria breki ya maji, ambayo injini inakoroga maji na nguvu yake kugeuka joto, nikaiacha. Kilowati 40 zikigeuka joto zinahitaji maji lita 14 hivi kila dakika, hapo ukikubali yapande digrii 40. Propela inafanya kazi hiyo bure, na upepo wake unapoza silinda. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuichagulia mzigo: mizunguko ikipungua nusu, nguvu inayomeza hushuka hadi sehemu moja ya nane.

Kwa hiyo injini imekaa kwenye fremu inayobembea juu ya beringi mbili, zikiwa mstari mmoja na shafti. Propela ikizunguka upande huu, injini inataka kujipindua upande wa pili, na mkono wa sentimita 50 unavuta mizani ya dijitali iliyofungwa chini. Mantiki ni ileile ya breki ya mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony ya mwaka 1821, ila yeye alibana shafti kwa mbao.

Wiki ya tatu. Upande wa pili wa fremu kuna mkono mwingine wa sentimita 50, wa kupimia usahihi. Nilitundika vyuma vya kilo 5, 10, 15, 20, kisha nikavipunguza hivyo hivyo. Kupanda na kushuka hazikulingana mpaka nilipotoa sili za beringi na kupunguza grisi. Baada ya hapo kilo 20 zikasomeka 20. Nililala nimeridhika.

Wiki ya nne, injini ikawaka. Wavu wa chuma umezunguka propela, mimi niko pembeni nyuma ya ukuta wa mbao nene. Usawa wa mapanga hasimami mtu. Kabureta imefunguliwa hadi mwisho, mizunguko 3200 kwa dakika, mizani inasema kilo 21.3.

Hesabu: 21.3 × 9.81 × 0.5 ni nyutoni mita 104.5, hiyo ndiyo torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Zidisha kwa 3200, gawa kwa 9549 (namba ya kubadilisha vipimo hivyo kuwa kilowati), unapata kilowati 35. Nguvu za farasi 47. Nilitegemea zaidi, nikakasirika. Nikafungua kabureta, nikapima mgandamizo, nikakagua taimingi mara mbili. Jioni nzima ikapotea kwenye injini isiyo na kosa.

Kosa lilikuwa langu. Nilipotundika vile vyuma fremu ilikuwa tupu. Baadaye ndipo nikafunga bomba la ekzosi lililoshikizwa sakafuni, mpira wa mafuta na nyaya nene za betri. Nikatundika tena kilo 20, safari hii kila kitu kikiwa mahali pake: 18.2! Bomba lile lilikuwa linashikilia fremu kama spana.

Sasa ekzosi inaishia kwenye fremu yenyewe na kutoa moshi nyuma, sambamba na shafti. Ikitoka kwa pembeni, msukumo wa moshi nao unaweza kupindua fremu. Mpira wa mafuta na nyaya zinapita karibu na beringi, zimelegezwa. Kilo 20 zikarudi kuwa 20, na injini ikasoma 23.4.

Wiki ya sita. Bati la kuelekezea upepo kwenye silinda nilikuwa nimelifunga kwenye fremu. Upepo wa propela hauendi moja kwa moja nyuma, unajisokota kufuata mapanga, kwa hiyo ulikuwa unasukuma bati kinyume na mwelekeo ninaoupima. Nimelihamishia kwenye stendi isiyosogea. Kilo 24.0, yaani nyutoni mita 117.7, kilowati 39.4, farasi 53 kasoro kidogo.

Siku hiyo hewa ilikuwa digrii 30. Nikirekebisha joto tu hadi digrii 15 za kawaida, nazidisha kwa 1.026 na kufika farasi 54. Nimeandika namba zote mbili daftarini, maana ndege itapaa kwenye hewa iliyopo, si ile ya kwenye jedwali.

Jumamosi ijayo napunguza pembe ya mapanga kwa digrii moja nione torki inakuwaje mizunguko ikipanda. Kwanza lakini nibadilishe nati mbili za stendi, mtetemo umezilegeza.