Siku moja maishani mwangu: fizikia, shule mbili, kipindi kimoja

Saa 11:30 alfajiri

Julai hapa Mafinga, mkoani Iringa, baridi haina mzaha. Kabla sijabandika maji ya chai naangalia simu. Mwalimu mwenzangu wa upande wa pili ameshaandika: umeme upo, kompyuta ililala kwenye chaji, nyuzi na mawe vimepatikana. Basi kipindi kipo.

Niwaeleze kwanza. Nafundisha fizikia sekondari, na kila Jumatano vipindi viwili mfululizo vya Kidato cha Pili huwa vya shule mbili: darasa lililo mbele yangu, na darasa la shule ya kata iliyo njia ya kwenda Mgololo, ambako hakuna mwalimu wa fizikia. Tunaonana kwa kompyuta mbili, projekta mbili na bando. Kule darasa linasimamiwa na mwalimu wa jiografia, na nasema mapema kabisa: bila yeye hakuna somo. Wageni wakija kututembelea huuliza kuhusu kamera. Ningependa wamuulize yeye.

Saa 1:10 asubuhi

Naingia maabara kabla ya kengele ya mstarini kupima sauti. Picha huwa naiangalia mwisho. Picha ikiganda, mwanafunzi anaendelea kusikiliza na kuandika; sauti ikikatika, somo limeishia hapo hapo. Na sauti haina gharama: kilobiti 100 kwa sekunde zinaitosha, ilhali picha nzuri inaweza kutaka megabiti 1, yaani takriban megabaiti 450 kwa saa kwa kutuma peke yake. Tumekubaliana kwamba mtandao ukilegea kamera inazimwa bila kuulizana. Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika na Afrika Mashariki ikapungukiwa, tulifundisha kwa simu ya kawaida iliyowekwa spika juu ya meza, na watoto waliandika notisi zao.

Kingine ni mwangwi. Spika ya kule ikiwa karibu na maiki, maneno yangu yananirudia nikiwa katikati ya sentensi, na kuongea huku unajisikia kunachosha vibaya. Dawa yake ni simu moja iliyoingizwa kwenye kikao hicho hicho, spika yake imezimwa, ikawa ndiyo maiki ya kuzunguka darasani. Ninapoongea mimi, maiki ile imefungwa. Anayetaka kuongea anaifungua, akimaliza anaifunga na kumpasia jirani. Mwanzoni mwanafunzi alitakiwa kusimama na kutembea hadi mbele kwenye kompyuta, darasa zima likimtazama. Wenye aibu hawakuja, hasa wasichana. Simu ilipoanza kuwafuata kwenye madawati ndipo nilipoanza kuzijua sauti zao.

Saa 2:40

"Shikamoo mwalimu!" inakuja mara mbili, ya hapa kwanza, ya kule baadaye kidogo. Pembeni ya skrini nimebandika ramani ya viti vya darasa la kule, kila kiti na jina. Siulizi kamwe "Kuna swali?" Naita jina, kisha nanyamaza. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee kwa raha. Huku kwetu huchelewa zaidi ya hapo siku nyingine, na juu yake kuna muda wa mtoto kufikiri na wa simu kufika mkononi mwake. Mwalimu asiyeweza kuvumilia ukimya ule ataishia kuhutubia. Mimi nasubiri.

Leo ni pendulamu, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi. Tunatafuta g, mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, kwa jiwe, uzi wa mita moja na saa ya simu. Ningeweza kufanya jaribio mwenyewe mbele ya kamera, kule wakatazama na kuhesabu. Haifai, na sababu iko wazi ukisogea karibu na skrini: jiwe linalobembea taratibu hapa, kule linaonekana likiruka. Picha kadhaa zinapotea njiani, jiwe linatoka kushoto na kuibukia kulia, na anayehesabu anapoteza mbembeo mmoja bila kujua. Kwa hiyo kila darasa linatundika pendulamu zake kwenye ukingo wa meza na kuhesabu zake. Kupitia mtandao tunapitisha namba na hoja tu. Kwangu hili ndilo kubwa katika kazi hii: mtoto aliye mbali awe na jiwe lake mkononi.

Mibembeo 20, kwenda na kurudi. Kundi moja la hapa linapata sekunde 40.1; wakiingiza muda na urefu kwenye kanuni ya pendulamu, g inatoka 9.82, kwa mita kwa sekunde mraba. Kundi moja la kule linapata sekunde 40.7, g inatoka 9.53. Darasa langu linaanza kunong'ona kwamba wale wamekosea kuhesabu. Nawaomba warudie kule. Inatoka 40.7 ile ile.

Kuhesabu, basi, wako sawa. Kwenye picha naona uzi na rula, lakini sioni wamepimia wapi. Namwita kwa jina binti aliyeshika rula, namwomba aulete uzi ulivyo hadi kwenye kamera, polepole. Anausogeza mpaka kidole chake kinajaza nusu ya skrini. Kidole kiko kwenye fundo, juu ya jiwe.

"Urefu wa pendulamu unaishia wapi?" nauliza pande zote mbili.

Nanyamaza. Maiki inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa tena. Mvulana wa kule anasema: "Katikati ya jiwe, mwalimu, kwa sababu linalobembea ni jiwe, siyo uzi." Wanapima upya: sentimita 103. Wanaingiza kwenye kanuni, g inatoka 9.82, sawasawa na ya huku. Kelele zilizopigwa kule zilizidi uwezo wa maiki, nikasikia mkwaruzo mtupu, na mwenzangu akainua mikono juu mbele ya kamera.

Kisha binti yule yule wa rula akauliza kama jiwe zito lingebembea haraka zaidi. Sikumjibu. Niliwaambia watafute jiwe zito, waweke urefu ule ule, wahesabu.

Saa 4:00

Chai na viazi. Napumzisha koo.

Saa 5:20 hadi saa 8 mchana

Kidato cha Nne, ana kwa ana, maswali ya mitihani iliyopita.

Saa 8:30 mchana

Tunapigiana simu, mimi na mwenzangu, kama kila Jumatano. Hapo ndipo napata yale ambayo kamera haioni. Ananiambia safu ya nyuma hawakuona ubaoni, kwa sababu chaki nyeupe kwenye projekta hafifu inafifia. Kuanzia wiki ijayo naacha ubao. Nitaandika kwa maka peni kwenye karatasi, simu yangu ikiwa imening'inizwa juu yake. Ananiambia pia ni nani hakula asubuhi, na nani aliuelewa mfano wa jiwe ila anaogopa kukokotoa. Hakusomea fizikia, lakini leo alitembea meza hadi meza akiuliza "umepimia wapi?", na hilo ni swali la mwalimu wa fizikia.

Saa 10:30 jioni

Nasahihisha kazi za kule kwa picha za madaftari walizonitumia kwenye simu. Mwandiko mwingine lazima niukuze mara tatu. Karibu wote wamechora jiwe na mstari wa urefu ukiishia katikati.

Wapo wanaoniambia kwamba njia hii ilijaribiwa shule zilipofungwa Machi 2020 ikashindikana. Kilichojaribiwa wakati ule ni kumfikia kila mtoto nyumbani kwake, na watoto wangu wengi nyumbani hawana kompyuta wala pesa ya bando. Huku tunaunganisha darasa kwa darasa: mashine moja, bando moja, watoto wameketi na wenzao, mtu mzima anayewajali yumo chumbani. Bado nataka shule ile ipate mwalimu wake wa fizikia, na nalisema kila kikao. Hadi atakapofika, Jumatano ni yao.

Saa 2 usiku

Maandalio ya wiki ijayo. Sheria za Newton za mwendo, kwa kigari na ubao wa mteremko. Nimeandika kwamba jaribio litaanzia kule: wao watende na kueleza, darasa langu litazame skrini na kuuliza. Nimemtumia mwenzangu ujumbe kuuliza kama ubao utapatikana. Amejibu kwamba mbao za misonobari huko hazijawahi kuwa shida, kesho anapita kwa seremala. Nimtumie vipimo tu.