Dizeli Ndiyo ya Kufunga: Nilivyolilinda Trekta Linalolala Porini

Kila nilipouliza namna ya kulinda trekta linalolala shambani, jibu lilikuwa lile lile: toa betri, lala nayo kwenye turubai, umemaliza. Ushauri huo umenichosha. Anayeutoa analifikiria trekta kama gari dogo la petroli. Langu ni Massey Ferguson 375, injini ya Perkins ya silinda nne, na pampu yake ya dizeli inazungushwa na gia za injini yenyewe. Injini ya namna hiyo ikishawaka haina haja na umeme. Betri kazi yake ni kuzungusha stata. Ukilivuta kwa trekta jingine likiwa kwenye gia kubwa, au ukaliachia kwenye mteremko, linawaka bila betri na linakwenda mpaka dizeli iishe.

Mimi hulima Kiteto, mkoani Manyara. Kuanzia Novemba hadi Januari trekta hulala porini, mbali na mji wa Kibaya, na wenzangu wengi hulaza la kwao hivyo hivyo. Anayekuja kulichukua huko huwa na trekta jingine au kenta, na huwa na mtu aliyewahi kuendesha. Kwa hiyo nilianza kwa kujiuliza yeye angeliwashaje, kisha nikaifunga njia hiyo.

Ufunguo nao usiutegemee. Ufunguo wa trekta la zamani mara nyingi huwasha na la jirani, na duka la spea wanakuuzia bila kukuuliza trekta lenyewe liko wapi. Asiye na ufunguo anaweka spana kwenye nati mbili za stata, cheche zinaruka, injini inawaka. Naomba asiwepo anayelijaribu hili hata kwa trekta lake mwenyewe. Njia hiyo inaruka swichi ya usalama ya gia, ile inayozuia stata trekta likiwa kwenye gia, kwa hiyo trekta linaondoka na tairi la nyuma linampitia aliyesimama pale. Watu wamekufa hivyo.

Basi, dizeli. Koki ya kiwandani iko chini ya tenki, wazi, kila dereva anaijua. Nilikata paipu baada ya koki hiyo na kabla ya pampu ndogo ya kuvuta, nikaingiza koki ya pili ya shaba, ile ya kugeuza robo mzunguko. Paipu yangu ina tundu la milimita 8, na koki nayo lazima iwe na tundu lisilopungua hapo. Ukiweka ya tundu dogo, trekta litawaka vizuri nyumbani, kisha likianza kuvuta plau kwenye udongo mzito nguvu zinaisha na utahangaika kubadilisha filta zisizo na kosa. Mkono wa koki nimeuondoa. Kimebaki kishina kifupi kinachogeuka kwa spana ndogo tu, na kwa macho kinaonekana kama kiungo cha kawaida cha paipu. Mahali pake sitapataja, kila mtu achague pake. Masharti ni haya: iwe chini ya usawa wa tenki, iwe mbali na ekzosi, na mkono ufike hapo gizani bila tochi.

Mara ya kwanza nilikosea vitu viwili na vyote vilinitoa jasho. Nilizungushia nyuzi za koki ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Vipande vyake vilikatika vikaingia kwenye pampu ya kuvuta, vali zake zikashindwa kufunga, na trekta likawa linazimika kila baada ya nusu saa. Tumia gundi ya nyuzi inayostahimili mafuta, na usiipake kwenye uzi wa kwanza. Kosa la pili lilikuwa mpira. Mpira wa maji wa kawaida hulainika ukikaa na dizeli wiki chache, klipu inalegea, upepo unaingia. Dalili yake inapotosha sana. Tenki likiwa limejaa, uzito wa dizeli unasukuma na kila kitu kiko sawa, pengine unaona tone moja chini asubuhi. Likishuka chini ya nusu, pampu inaanza kunyonya upepo pale pale palipokuwa panavuja, na injini inapandisha na kushusha sauti. Nunua mpira wa dizeli wenye nyuzi ndani na ufunge klipu mbili kila upande. Kazi nzima, pamoja na fundi, haikufika laki moja.

Sasa uone inavyofanya kazi. Koki ikiwa imefungwa, trekta linawaka kama kawaida kwa dizeli iliyobaki kwenye paipu na filta. Mwizi anafurahi, anaingiza gia, anaondoka. Nimelijaribu mchana mara tatu, lilifika kati ya mita 150 na 400, kisha likakohoa na kuzimika. Kuanzia hapo halina faida kwake. Kulivuta hakulisaidii kwa sababu dizeli haifiki kwenye pampu. Ili liwake lazima kwanza aijue koki na aifungue, alegeze skrubu ya upepo juu ya filta, apampu kwa mkono mpaka povu liishe, aje kwenye skrubu ya pampu kubwa, kisha alegeze nati za paipu za nozo angalau mbili huku stata inazunguka. Mimi ninayelijua, mchana, nikiwa na spana zote, hunichukua kama dakika ishirini. Gizani, kwa mtu mwenye haraka, hapana.

Lakini mita 400 hizo zihesabu. Ukililaza kando ya barabara litazimikia barabarani, na hapo kenta inalingoja. Lilaze katikati ya shamba, upande wa kambi, na plau ikiwa imeshushwa chini mbele ya miti au kichuguu ili njia ya kutokea ibaki moja, ile inayopita mnapolala.

Baada ya dizeli nikaja kwenye umeme, maana bado kuna kazi ya kuzuia stata. Niliweka swichi ya kukatia betri kwenye waya mnene wa hasi. Ile ya bei rahisi yenye ufunguo mwekundu wa plastiki usiinunue kwa ajili ya ulinzi: ufunguo wa moja huingia kwenye nyingine zote. Tena stata huvuta ampea mia kadhaa kwa mara moja, swichi dhaifu inapata moto ndani, asubuhi unasikia "tak" na trekta haliwaki, unailaumu betri. Tafuta iliyoandikwa ampea 200 za mfululizo au zaidi, na waya wa kuongezea uwe mnene kama ule wa awali, vichwa vyake vibanwe kwa mashine, visipigwe nyundo. Mkanye dereva asiizime swichi hiyo wakati injini inaunguruma. Altaneta ikikosa betri ghafla, daiodi zake zinaweza kuungua.

Swichi hii ndiyo iliyoniharibia GPS, kile kifaa kinachoonyesha kwenye simu trekta liko wapi, na hapa nataka kueleza kwa kirefu kwa sababu mafundi wanaendelea kuwafungia watu vibaya. Fundi aliunga waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye bodi ya trekta, kama wanavyofunga kwenye pikipiki na magari. Mchana ilikuwa inasoma vizuri kabisa. Usiku nikizima swichi, bodi inatengana na hasi ya betri, kwa hiyo GPS inabaki na kibetri chake cha ndani, na hicho kwa saa chache kimekwisha. Asubuhi simu ilikuwa inaonyesha trekta lipo pale pale lilipoonekana saa tano usiku. Lingeweza kuwa limeshafika Dodoma na ramani ingeonyesha vile vile.

Dawa ni kuuhamisha waya mweusi moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, kabla ya swichi. Nikafanya hivyo, likazuka jingine. Kasha la GPS lilikuwa la chuma na limefungwa kwa bolti kwenye bodi, na ndani yake kasha limeungana na hasi. Swichi ikiwa imezimwa, mtu akageuza ufunguo, umeme wa stata ukatafuta njia ya kurudi kwenye betri, ukaipata kwenye ule waya mwembamba wa GPS. Ganda lake liliungua kabla sijatoa mkono. Sasa GPS yangu iko ndani ya kikasha cha plastiki, imekalia kipande cha mpira wa tyubu, na nyaya zote mbili zina fyuzi ya ampea 2 karibu na betri. Waya wa kuhisi ufunguo sikuuunga kabisa. Kabla hujaridhika, chomoa waya mweusi kwenye betri, weka mita ya umeme kwenye mlio, ncha moja kwenye waya huo na nyingine kwenye bodi. Ikilia, kuna mahali pamegusana.

Mengine ya GPS ni mafupi. Haioni anga kupitia chuma, kwa hiyo iweke chini ya plastiki, mbali na rejeta. Badilisha neno la siri la 123456 siku ile ile. Laini chagua ya mtandao unaoshika shambani kwako, upime kwa simu ya kawaida palepale trekta linapolala, na iwekee vocha hata msimu ukiisha, laini isiyotumika hufungwa. Uzio wa ramani, yaani mpaka ambao trekta likiuvuka simu inalia, nimeuweka mita 300. Chini ya hapo ilikuwa inaniamsha bure kwa sababu nukta hucheza. Na hesabu umeme: ikila miliampea 20, kwa mwezi ni kama ampea-saa 14. Betri ya ampea-saa 70 ikikaa miezi mitatu bila kuchajiwa itakuwa hoi.

Nyumbani kiangazi natumia mnyororo. Nilichimba shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 60, nikalipanua chini kuliko juu, na mfuko mmoja wa saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ukalijaza. Ndani kuna kipande cha shafti kilichokunjwa kama herufi U, kimechomelewa nondo mbili za kupita chini ili kisichomoke. Mwagilia wiki nzima kabla ya kulifunga trekta hapo. Mnyororo unapita kati ya rimu na sahani ya gurudumu la nyuma, maana gurudumu la mbele linafunguliwa na kuachwa kwa dakika tano. Usiuache mnyororo ulale chini. Mkasi wa kukatia nondo unaukata kirahisi mno mkono mmoja wa mkasi ukiegemea ardhi, mtu anasimama juu yake kwa uzito wake wote. Mnyororo unaoning'inia bila kulegea, na kufuli lililogeuziwa ndani ya gurudumu, humpa shida kubwa zaidi. Grenda ya betri itaukata, ndiyo, lakini kwa kelele.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoondoka zaidi kuliko trekta zima: toplinki (mkono wa juu unaoshika plau), pini, shafti ya PTO (inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana), diski za plau zinazoishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Toplinki, shafti na pini naingia navyo hemani kila jioni, utingo anavihesabu. Kwenye kila diski nimeshikiza kwa kuchomelea nati moja tu kati ya zote. Ukichomelea zote, siku diski imeisha utalia na grenda shamba zima. Alama nimegonga kwa nambari za chuma za milimita 8 sehemu mbili, moja ya wazi na moja iliyojificha, kisha nikapaka rangi juu. Betri usiitie alama kwa chuma cha moto. Betri iliyotoka kuchajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Chora ubavuni kwa msumari.

Dizeli yenyewe naipima kwa fimbo. Nilijaza tenki lita kumi kumi trekta likiwa limesimama mahali tambarare, nikakata alama kwenye fimbo kila mara. Jioni fimbo inaingia, asubuhi inaingia tena kabla ya koki kufunguliwa. Ardhi yangu kwa plau ya diski tatu inakula kati ya lita 6 na 8 kwa ekari. Siku hesabu ikienda 11, naangalia kwanza diski na upepo wa matairi, ndipo nizungumze na dereva.

Karatasi: nimepiga picha namba ya chasisi, namba ya injini na kibati cha pampu ya dizeli, maana pampu huibwa peke yake na polisi wakikupa RB (namba ya taarifa yako) wataandika ulichoweza kuthibitisha. Picha ninazo kwenye simu, na nakala iko kwa mtendaji wa kijiji ninakolima. Kadi halisi iko nyumbani. Kwenye kisanduku cha spana ipo nakala tu, kwa sababu trekta lililoibwa pamoja na kadi yake linapata mnunuzi siku hiyo hiyo.