Urojo wa Deni

Kabla jeneza la baba halijatoka nyumbani kwetu Wete, Pemba, mwaka 2014, kakangu alisema maneno yanayosemwa kila msiba: mwenye kumdai marehemu na awaone wanawe, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Sie wanawake tulikuwa ndani, tukayasikia kupitia dirishani. Waliodaiwa hawakujitokeza hata mmoja. Waliodai walikuwa watatu. Wawili madai yao yalikuwa madogo, wakalipwa kabla ya hitma. Wa tatu alikuwa Ami.

Ami si ndugu yetu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nasi tulimwita hivyo tangu tuko wadogo. Baba alichukua kwake mabati na saruji kwa ahadi ya karafuu: msimu ukija, atalipa. Wapemba wengi tumekopa hivyo. Lakini mkarafuu una tabia yake. Mwaka mmoja unabeba mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili unakutazama tu. Baba alikopa mwaka wa kubeba akategemea kulipa mwaka wa kutazamwa. Nyumba ikaezekwa, yeye akafa, likabaki deni la shilingi 2,400,000.

Sheikh alitwambia wazi kwamba mirathi haigawiwi mpaka deni lilipwe. Kakangu akaenda dago, kambi ya wavuvi, kuvua, na kila alichopata kikaishia kwenye mafuta ya mashine. Nikabaki mie na cherehani.

Nilinunua daftari la mraba, lile la hesabu la wanafunzi, nikaandika "AMI" juu ya ukurasa wa mwanzo. Mikarafuu yetu 18 ilipozaa, tukawalipa wachumaji pishi zao, tukachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usiku mama na mie mpaka vidole vikafa ganzi, tukaanika, tukapeleka kituoni. Bei ya serikali ilikuwa 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza. Siku ile nilimpa Ami 520,000. Baada ya hapo nikawa nampa 20,000 kila mwezi, nikishona sare za skuli na mabuibui. Mgao wangu wa kijaluba wa mwaka 2015, shilingi 490,000, niliupeleka wote bila kuufungua.

Kwa asiyejua: bibi yangu alikuwa na kijaluba chake cha kutilia tambuu, cha shaba, kikilia ting akikifunga. Siku hizi kijaluba ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, la kikundi cha kuweka akiba. Chetu kilikuwa na wanawake 28. Tulikutana kila Jumanne baada ya alasiri, tukinunua hisa, moja kwa 2,000, mwisho tano. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu mbalimbali, na sanduku kwa wa nne, ili shetani akitaka kuiba awapitie wote. Kabla ya Ramadhani tunagawana.

Nililipa vizuri, hilo najisifu. Jambo ambalo sijisifu ni jinsi nilivyokuwa nyumbani. Chai ikawa ya rangi tu. Sukari nikaipima mwenyewe, kijiko kimoja, na mama nikimtazama mkono. Jirani akileta mualiko wa harusi, hesabu ya tunza inanijia kichwani kabla ya kusema ahsante. Usiku nikimfikiria baba, ninavyosikia kwamba roho ya mtu hufungika na deni lake, nainuka kuwasha taa nimalizie buibui la mtu.

Mama alitaka kitu kimoja. Alikuwa na miaka 61 na hajawahi kuvuka bahari kutoka bandari ya Mkoani. Alitaka kwenda Unguja, akae bustani ya Forodhani jioni, ale urojo. Kila alipotaja nikamjibu, "Deni likisha, mama." Mwisho akaacha kutaja. Siku moja nikamsikia uani akimwambia jirani, "Mie siku hizi hata nikitaka kukohoa namuomba ruhusa mwanangu." Wakacheka wote wawili. Mie sikucheka.

Mwezi Mei 2016 nikapata mgao wa 562,000. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikafika nyumbani, nikaumwaga juu ya kitanda mbele ya mama ili tuhesabu. Deni lilikuwa limebaki 1,050,000. Nikamwambia, "Tukipeleka hizi zote, linabaki chini ya laki tano."

Mama akachukua noti moja ya elfu kumi, akainyoosha juu ya goti, akaikunja tena.

"Babaako alinambia karafuu zikizaa atanipeleka Unguja. Mwaka aliozaliwa kakaako ndo aliponambia. Mie pia nlikuwa namdai. Msibani mbona hakuna alonuliza?"

Alisema hivyo kisha akenda kutia udhu, kama mtu aliyetaja kwamba chumvi imekwisha.

Kesho yake nilisimama nje ya duka la Ami, chini ya mwembe, nikatenga 300,000. Niliingia nikampa. Ami alivaa miwani yake iliyofungwa uzi mkono mmoja, akahesabu, akaandika polepole kwenye daftari lake refu.

"Mgao wa mwaka huu haukuwa mzuri, Ami," nikasema.

"Inshallah kheri," akajibu bila kuinua uso.

Nilitoka masikio yakiniwaka moto. Sikumbuki kumdanganya mtu mzima kabla ya siku ile, si kwa pesa. Lakini nilikwenda moja kwa moja kununua kitambaa cha buibui la mama.

Tuliondoka Wete alfajiri tukapitia Chake, pale tukapanda gari ya 603 mpaka Mkoani. Meli ilikuwa Mapinduzi II, ilikuwa mpya wakati ule, imeingia mwishoni mwa 2015, na watu walikuwa bado wanapapasa viti vyake. Mama alibeba visheti, chupa ya chai na ndimu saba. Kusi lilikuwa limeanza. Hatujafika hata nusu ya mkondo, watu wakaanza kulala chini.

Ndipo nikamwona. Safu ya mbele yetu, kofia ya kiua, shingo imeinama, miwani yenye uzi mkononi. Nikamvuta mama tuhame upande wa pili. Mama, ambaye nyumbani hawezi kuona sindano hata ukimwekea kiganjani, akanyoosha shingo: "Yule si Ami yule?"

Nilitamani bahari inipokee. Ami aligeuka. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Shikamoo Ami," nikasema, sauti haitoki.

"Marahaba."

"Ee, na weye upo!" mama akasema. "Wenda wapi?"

"Hospitali, Mnazi Mmoja. Macho haya. Nyie je?"

"Mie nnakwenda kula urojo kwa pesa zako."

Hivyo hivyo, mbele za watu. Mwanamke aliyekuwa ubavuni pangu akaacha kunyonyesha akatutazama. Ami alifungua mdomo, nikadhani sasa atanivua nguo, kumbe kilichokuja kilikuwa kitapishi. Mama akamshika mgongo, akakata ndimu kwa meno, akamwekea puani. Alikaa vile muda, macho amefumba, akivuta harufu. Kisha akasema na mie, macho bado amefumba.

"Mwanangu. Siku ya mgao nauza mabati kuliko mwezi mzima. Najua mgao mzuri na mbaya kabla yenu."

Sikuwa na la kusema.

"Babaako tumefanya biashara miaka ishirini. Nakudai, na utanilipa. Ila usinambie uongo, unanchafua moyo kuliko hii meli. Hebu nipe ndimu nyengine." Akavuta pumzi. "Na weye mama, huo urojo niwekee kababu."

Tulipokaribia Nungwi meli nzima ilinyamaza. Tangu Spice Islander ilipozama eneo lile, Septemba 2011, Wapemba hatupapiti pale tukipiga soga. Ami alisoma dua kwa sauti ndogo, mama akaitikia, nami nikaitikia.

Forodhani tulifika saa kumi na mbili jioni. Jumba la Beit al-Ajaib lilikuwa bado lina mnara wake, haujaanguka. Vijana walikuwa wakiruka ukutani wakijitosa majini, mmoja baada ya mwengine, na kila akiruka mama anashika kifua. Nikamletea bakuli. Nakumbuka alivyolikagua kabla ya kula, akitaja kila kitu kama anayepokea mzigo bandarini: kiazi, bajia, kachori, muhogo uliokaangwa, yai, chatini ya nazi, na ule mchuzi wa manjano wa embe. Akanywa mchuzi kwanza. Akakaa kimya muda mrefu.

"Babaako aliusifu kupita kiasi," akasema. Kisha akaagiza la pili.

Tulilala kwa shangazi, siku ya pili tukarudi. Safari yote, pamoja na buibui, ilikula 200,000. Melini nilipiga hesabu: kwa mwendo wa 20,000 kwa mwezi, urojo ule ulikuwa umeliongezea deni miezi kumi. Miezi kumi si mchezo, na sikujifanya siioni. Nawasikia watu wakisema lipa kwanza, starehe itakuja. Wengi wao naona deni lao ni la miezi mitatu. Langu lilikuwa la miaka, na mama hakuwa anarudi nyuma umri. Tulipofika nyumbani nilifungua daftari la mraba, chini ya "Ami 20,000" nikaandika "Mama 5,000", na nikaulipa mstari ule kila mwezi kama nilivyoulipa wa juu. Mara nyingi alizitumia kwa samaki. Mara moja alinunua hina, akajipaka mguu mmoja, hina ikamalizika, akatembea wiki nzima hivyo hivyo.

Nilimaliza deni Disemba 2017. Ami alizihesabu zile noti mara mbili, akaweka rula juu ya jina la baba, akapiga mstari mwekundu mpaka mwisho wa ukurasa. Macho yake yalikuwa yamepona kiasi, lakini miwani ilikuwa ile ile ya uzi.

"Mamaako mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Mwambie kababu yangu sijaisahau."

Ijumaa yake mama alikaanga kababu kumi na mbili, akazifunika kwa sahani, nikampelekea mwenyewe dukani. Jioni bakuli lilirudi tupu, limeoshwa, na salamu kwamba pilipili ilikuwa ndogo.