Jogoo alikuwa anapelekwa wapi

Tangu Jumapili sina raha. Sentensi hii nimeiandika mara tatu daftarini na mara tatu nimeikata, lakini ndiyo hali yenyewe, basi ibaki.

Nilikwenda Mbagala kumwona Shangazi. Nikamkuta barazani kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia. Shangazi mnamjua, hakukaribishi kwa maneno mengi, anakusogezea ungo. Nikaanza kuchambua upande wangu. Tulikaa hivyo kama dakika kumi, chuya huku, mawe kule, ndipo akasema bila kuinua macho:

"Ile hadithi yako ya jogoo nimesomewa."

"Na nani, Shangazi?"

"Watoto. Wamecheka sana."

"Na wewe?"

Akaokota kijiwe, akakitazama kwenye mwanga, akakitupa uani.

"Hukuandika jogoo alikuwa anapelekwa wapi."

Basi. Akapepeta, pumba zikaruka, akanyanyuka kwenda kubandika maji. Hakununa. Wali ulikuwa mtamu, na wakati wa kuondoka alinifungia maembe kwenye mfuko. Lakini maneno yale nilipanda nayo daladala, nikashuka nayo, nikalala nayo.

Hadithi mnaijua. Mwaka 1999, nina miaka minane, daladala aina ya DCM ya Rangi Tatu–Kariakoo imejaa mpaka mlangoni. Mimi nimepakatwa, jogoo mwekundu yuko kwenye kikapu cha ukili miguuni petu, kichwa nje. Tulipofika Zakhem akawika. Konda akaja anachezesha sarafu kiganjani: "Mama, na huyu nauli yake?" Shangazi akamuuliza, "Huyu amekaa kiti gani?" Konda: "Kiti hana, lakini anaongea kuliko abiria wote." Shangazi: "Basi mdai yeye, si mdomo anao." Gari zima likaangua kicheko. Dereva akapunguza redio asipitwe. Mtongani jogoo akawika tena, safari hii konda akamwitikia, na mpaka tunaingia mjini walikuwa wanatangaza vituo kwa kupokezana.

Katika yote niliyowahi kuandika, hiyo ndiyo watu wanayoniomba niwasimulie kila ninapokwenda, na ndiyo iliyozaa mchezo wangu wa simu. Nimeutengeneza kwa miezi miwili, usiku nikitoka kazini. Sauti ya jogoo niliirekodi alfajiri kwa jirani, sekunde mbili tu, nikaibana na kuibana mpaka mchezo mzima ukawa kilobaiti 340, kwa sababu nataka ufunguke hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na bando la shilingi 500. Konda akikaribia unabonyeza kikapu, jogoo ananyamaza. Ukiachia mapema anawika. Ukibonyeza kupita kiasi anapandwa na hasira, anaruka dirishani. Vituo ni vitano: Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani, Bendera Tatu, Kariakoo. Ukifika Kariakoo ngoma inalia, umeshinda, mwisho.

Na hapo kwenye mwisho ndipo Shangazi aliponichoma. Kariakoo ndipo niliposhuka mimi. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni pa duka la vitenge Mtaa wa Kongo, nikakabidhiwa, Shangazi akaendelea na kikapu chake. Miaka yote hii nimeisimulia safari ile mpaka pale miguu yangu ilipogusa chini. Shangazi na jogoo wake walielekea wapi, sikuwahi kuuliza. Na watu wa nyumbani kwetu ndio ninaowaandika kila siku!

Jumatatu niliamini alimuuza. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka ule ndio nilihamishwa shule, nikaanza kuogopa kwamba alimuuza kwa ajili yangu, na watu wanacheka kwa gharama hiyo. Jumanne mdogo wangu alijifungua salama mtoto wa kike, Jumatano nikasaini mkataba wa kuandika ile safu ya kila wiki niliyoisubiri mwaka mzima, na katikati ya hongera zote nilikuwa nairudia sauti ya Shangazi. Hakusema "umeniaibisha". Hakusema "ifute". Alisema "hukuandika". Tena alisema "anapelekwa". Kuku wa kuuzwa tunasema anakwenda kuuzwa, anakwenda sokoni. Anayepelekwa kuna mtu anamngoja. Nilifika hapo, nikakwama. Mara mbili nilishika simu nimpigie, nikairudisha mezani.

Alhamisi saa 3 usiku akapiga yeye.

"Huyu konda wako mbona hachoki?"

Kumbe wajukuu wamemwekea mchezo kwenye simu ya mama yao, na siku ya pili hiyo amekwama Bendera Tatu. Nikamwelekeza: bonyeza kikapu konda akibakiza abiria wawili kukufikia, achia akigeuza kisogo. Simu nyingine aliiweka karibu, nikawa nasikia kila kitu. Jogoo anawika. Shangazi anafyonza. Jogoo tena. Mjukuu anapiga kelele "achia, bibi, achia!" Halafu ngoma za Kariakoo, vigelegele vya watoto, na mimi huku nimesimama katikati ya chumba nimefumba macho kwa furaha.

Kikapita kimya kidogo.

"Sasa mbona umekatika?"

"Ndiyo mwisho, Shangazi."

"Mwisho gani huu?"

Sikujua nimuulize vipi. Yakanitoka maneno ya utotoni, ya pale pale barazani kwake: "Shangazi, nimeshindwa. Nakupa mji."

Akacheka. Alicheka kweli, nilimsikia. "Mji gani?"

"Bagamoyo."

"Siutaki. Nipe Tabora."

"Chukua Tabora."

"Tabora nimekwenda, Tabora nimerudi, watu wa Tabora wanakusalimu. Jogoo alikuwa anapelekwa Buguruni, kwa yule mzee wa Kinyamwezi."

Aliposema Tabora tu ningejua. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mzee yule ndiye aliyekuwa mtani kwenye msiba wa Babu. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka miguu ya watu tu. Shangazi akanisimulia: mzee alivaa kanzu ya Babu na kofia yake, akapita uani kwa mwendo wa Babu, anakohoa kikohozi cha Babu, anauliza ni nani ameipunja sukari chai yake. Shangazi alikuwa na siku mbili hajatia kitu kinywani. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaomba uji. Mtani hufanya kazi yake na hulipwa, naye akamwahidi jogoo. Mwaka ukapita, jogoo wa kutoa hana. Alipompata, ndiyo siku ile.

"Nikamkuta kalala, kifua kinambana. Nikamwambia, deni lako hili. Akasema halipokei mpaka nimweleze limefikaje. Nikamsimulia konda. Nikamwigiza na sauti yake. Alicheka Mnyamwezi yule, mkewe akaja mbio akidhani kuna jambo."

Nilinyamaza.

"Upo?"

"Nipo, Shangazi."

"Kiongeze hicho kituo."

Nimekiongeza. Kwenye programu vituo vimepangwa mstari mmoja, na baada ya Kariakoo nimeandika Buguruni. Ni neno moja, lakini limenichukua usiku wa jana wote na nusu ya leo. Buguruni hakuna konda. Kuna mlango, kitanda na mzee, na mchezaji anachagua maneno ya kumsimulia safari, na kwa mara ya kwanza jogoo anaruhusiwa kuwika atakavyo. Kicheko cha mzee bado sijakipata. Nimejaribu vicheko vinne, vyote vya kijana. Jumapili nitakwenda na kinasa sauti nimwombe Shangazi anichekee alivyocheka yeye. Hadithi pia nitaiandika upya. Nimemwomba ruhusa safari hii, akasema andika, ila jina la mzee libaki kwao.

Ningelala sasa hivi kama si jambo la asubuhi. Mwenye nyumba alikuja na mtu mwenye futi kamba, wakapima uwanja kutoka kwenye mwembe mpaka chooni, wakaandika kwenye karatasi. Kodi yangu ya miezi sita nilishalipa. Alinisalimia vizuri, akaniulizia mdogo wangu na mtoto, wakaondoka. Kwenye shina la mwembe wameacha alama ya chaki.