Kutoka Ziwa Tanganyika hadi Msasani

Tuliondoka kijijini saa kumi usiku kwa boti ya dagaa, watu wakiwa bado wamelala. Mama mdogo ndiye aliyetaka hivyo. Namzidi miaka miwili, lakini ni mdogo wake mama, kwa hiyo ni mama yangu. Alikuwa amejifunga khanga tatu, na ndani yake vitambaa alivyovichana mwenyewe. Mkononi kashika nailoni ya kukalia.

Maji haya haya ndiyo yaliyomzuia miaka tisa iliyopita. Uchungu ulimshika akiwa na miaka 16, kijiji hakina zahanati, ziwa limechafuka. Akakaa nao siku tatu. Kichwa cha mtoto kilikibana kibofu kwenye mifupa ya nyonga mpaka nyama ikafa, pakabaki tundu, ndiyo fistula. Mtoto akazaliwa amekufa, na mkojo haukukatika tena. Watu wakasema karogwa, mume akamrudisha kwao. Aliolewa na miaka 15, na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu, mradi baba akubali. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Kwake yeye hukumu zilichelewa.

Tukashukia Kirando, tukapanda gari la Namanyere, tukalala Sumbawanga. Nauli ililetwa kwa simu. Balozi wa fistula, anayewatafuta wagonjwa kwa niaba ya CCBRT, hospitali iliyoko Msasani, Dar es Salaam, alipiga simu huko, hela ikaingia. Hospitali ilianza utaratibu huo mwaka 2009, kwa sababu matibabu yalikuwa bure na bado wanawake hawafiki. Nauli tu! Inaniuma mpaka leo.

Kutoka Sumbawanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Tunduma nikampa chupa ya maji, akakataa. Mbeya, akakataa. Makambako abiria walishuka kula na kuchimba dawa, yeye kaganda dirishani, midomo imempasuka.

"Mwanangu, nikinywa watajua."

Aliyekaa nyuma yetu akafungua dirisha kwa nguvu. Mama mdogo akainamisha kichwa. Nikamshika mkono tu.

Msasani, nesi alianza na kikombe. "Kunywa, dada." Akamweleza kwamba mkojo mzito ndio unaounguza ngozi na kunuka. Ukinywa maji mengi unakuwa mwepesi. Miaka tisa alijinyima maji, na kumbe kiu ile ndiyo iliyokuwa ikimzidishia vidonda. Wodini kila kitanda kilikuwa na jagi lake. Jirani yake, mama mtu mzima, alikuwa ameishi na tatizo hilo tangu mimba yake ya kwanza na sasa ana mvi. Mama mdogo alidhani yuko peke yake duniani. Usiku ule nilimsikia akicheka na wenzake.

Baada ya upasuaji alikaa na mpira wa mkojo wiki mbili. Asubuhi ya kwanza baada ya kutolewa, alilipapasa shuka kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono, kisha akaniita nami nilipapase. Kavu. Wakamsisitizia: akibeba mimba tena, ahamie karibu na hospitali mapema, ajifungue kwa upasuaji.

Tuliporudi alimaliza chupa mbili za maji kabla ya Iringa. Tulipoupita mji akasimama katikati ya basi, kashika kiti.

"Konda! Simamisha, wengine tunachimba dawa!"