Pombe yangu ilikuwa ikipotelea wapi

Nilifundisha kemia sekondari miaka sita kabla ya kurudi chuo kusomea uzamili wa uhandisi wa kemikali. Mwaka wa madarasani niliumalizia Dar es Salaam na sina mengi ya kuusimulia. Hesabu zilinitoa jasho, nikazirudia usiku na vijana niliowazidi umri, nikapita. Kilichonikaa kichwani ni kauli ya msimamizi wangu: "Mwalimu, kilichoingia lazima kionekane. Kama hakimo ndani, kimetoka." Nikaona ni hesabu ya muuza duka tu.

Kwa ajili ya tasnifu nikarudi Dodoma, maana zabibu ziko huku. Nilitaka kupata spiriti kutoka kwenye makapi, yaani maganda na mbegu zinazobaki zabibu zikishakamuliwa. Nilichagua makapi ya mvinyo mweupe, kwa kuwa zabibu zake hukamuliwa kabla juisi haijachachuliwa, hivyo sukari fulani hubaki kwenye maganda. Ya mvinyo mwekundu huchacha pamoja na juisi. Yakifika kwako sukari imeshaliwa. Na makapi hayasubiri mtu. Msimu wa Agosti nilikuwa nafuata ndoo zangu Hombolo alfajiri, kwani jua likipanda nyuki wanakuwahi, na siki nayo inakuwahi. Mama mmoja aliyekuwa akinijazia ndoo alinipokea kila siku kwa "Mbukwenyi", na siku ya tatu akanisogelea, akanong'ona, "Mwanangu, hii gongo unampikia nani?" Nikamwonyesha barua ya chuo. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Haya. Kumbe ya serikali."

Maabarani niliyaloweka makapi kwenye maji ya uvuguvugu, nikachuja, nikatia hamira, nikaiweka chupa juu ya mizani. Hapo kuna ujanja ninaoupenda mpaka leo. Gramu 180 za glukosi zikichacha zote hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za hewa ya ukaa. Hewa inatoroka, mizani inashuka, nawe unajua pombe iliyomo bila kufungua kizibo. Chupa yangu ilipungua gramu 44. Basi mle ndani kulikuwa na gramu kama 46 za ethanoli.

Nikakeneka, yaani nikachemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika tena. Nilipopima nilichokusanya, nikakuta 17.

Nikarudia: 16. Tena: 18. Nikabadili mipira, nikapaka grisi kwenye viungio, nikawasingizia bakteria wa siki, nikanunua hamira nyingine. Wiki tatu zikaisha hivyo. Nilipompigia msimamizi hakunipa hata pole. "Kimetoka," alisema. "Tafuta mlango."

Mlango niliukuta kwenye maji ya chai. Nilianza kukitilia shaka kipimajoto, nikakichovya kwenye maji yanayotokota. Kikasimama 96. Nikafurahi, nikajua nimempata mwizi. Nikachukua cha pili ili nithibitishe: 96. Cha tatu nacho vilevile. Nilikaa kwenye kigoda nikiona aibu, maana jambo lenyewe nimelifundisha darasani mara nyingi. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo kila kimiminika huchemka mapema.

Sasa, karatasi yangu ya maelekezo niliiandika Dar, nikaijaribia Dar. Ilisema: mwaga kinachotoka chini ya nyuzi 78, kusanya kuanzia 78 hadi 82. Nilichokuwa nakiogopa ni methanoli, sumu inayotokana na pektini ya maganda, ambayo huchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Pwani ethanoli huchemka kwenye 78. Dodoma inachemka kwenye 75. Yaani wiki tatu nzima nilikuwa namwaga spiriti yenyewe, halafu nakusanya mkia na kuulilia.

Nilikuwa namwagia kwenye dumu chini ya meza. Mtaalamu wa maabara, kaka mmoja mpole sana, ndilo alilokuwa akisafishia meza, na mara mbili alinisifu mbele ya wanafunzi kwamba tangu nije, maabara haijawahi kung'aa vile.

Nikapanga nyuzi upya kufuata mgandamizo wa Dodoma. Safari hiyo nikapata 41. Gramu 5 zilizobaki niliweza kuzieleza: nyingine zilibaki kwenye masalia, nyingine zilibebwa na hewa ya ukaa. Watahini walinibana kwa hizo 5 kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, nami nikawajibu bila kinyongo.

Jumatatu iliyofuata baada ya kupanga nyuzi upya, kaka wa maabara alinifuata ameshika dumu lake na kitambaa.

"Mwalimu, dawa yako ya siku hizi imekuwaje? Haitoi hata doa la wino."